Mlango wa Mbele, Mlango wa Nyuma

...na birika hili nalo, siku nisiyokuwa na haraka linachemka kabla sijageuka, leo limenuna, halitaki hata kuanza kunguruma, na yule kijana wa halmashauri kule chumba cha mbele anangoja, kalamu mkononi, ameuliza swali lake nami nikamwambia ngoja kwanza nilete chai, ndilo jibu nililopata, chai, mtu ananiuliza kama shangazi yangu wa damu anaweza kunitupia virago barabarani nami namuuliza anaweka sukari ngapi, haweki, kijana mzima na baridi hii hataki sukari... “Bibi Ashworth,” alisema, kwa adabu tu, sura yenyewe bado ina chunusi, “ukishindwa kulipa kodi, tuseme miezi miwili, mitatu, mwenye nyumba atakutoa?” Mwenye nyumba, anasema, na mwenye nyumba amekaa palepale mbele yake, Shangazi Winnie, dada mkubwa wa marehemu baba, miaka themanini na moja, koti limefungwa vifungo mpaka kooni na kofia kichwani, maana akija kwa mlango wa mbele havui koti, na leo kaja kwa mlango wa mbele, kagonga mara tatu kama polisi... swali dogo, maneno kumi tu, lakini lina mtego, nikisema hatanitoa basi hii si kodi, ni undugu, na halmashauri hailipii undugu, watakata ruzuku ya nyumba, na bila ruzuku mshahara wa kuosha masufuria ya shule asubuhi tu haufiki popote, na shangazi naye kodi yangu ndiyo inayomlipia kile chumba chake kwenye nyumba za wazee, atalazimika kuuza, na kuna bwana mmoja wa Manchester anayetaka kuinunua, ameshakuja mara mbili kugonga ukuta huu wa jikoni kwa vidole, anasema ataubomoa, nyumba ipate mwanga, mwanga wa nini, miaka sitini tunauona mchuzi wetu vizuri tu. Na nikisema atanitoa... ee, nitalisemaje, mbele yake, kwa mdomo huu aliouosha mwenyewe kwa kitambaa cha maji kila asubuhi kabla sijakwenda shule.

Kijana angeniachia ruzuku mwaka mmoja tu, mmoja na nusu, mgongo ukapona, nikarudi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mkate, yenye mshahara wa kueleweka, benki wangenisikiliza, tumeshakubaliana mimi na shangazi, alisema, “Nitakuuzia wewe Glenda, sitamuuzia mwingine, lakini bure sikupi, cha bure hakina mwenyewe,” ndivyo alivyo, kila Ijumaa hivyohivyo, anagonga mlango wa mbele, namfungulia, anasimama kizingitini hapo nje hata kama mvua inanyesha, “Kodi, Bibi Ashworth,” nampa, ananiandikia risiti, “Asante, Bibi Ashworth,” anageuka anakwenda zake, naufunga mlango, kisha namsikia anazunguka kwenye kichochoro, polepole na ile nyonga yake, lango la uani linalia, mlango wa nyuma unafunguka bila hodi na yuleyule mtu anaingia, kofia ameishika mkononi, “Uko wapi mwanangu, mbona jiko limepoa, hujala wewe, nakuona shingo ilivyokonda,” anafungua kabati kama lake, na ni lake kweli, anakula biskuti zangu... jirani yangu Doreen alicheka mpaka akakaa chini siku ya kwanza alipoona, “Shangazi yako hana akili nzuri, Glenda,” lakini Doreen ni wa kuja, kwao ni kusini huko, hajui kwamba mtaa huu mlango wa mbele ni wa daktari na wa mchungaji na wa jeneza, ukimwona ndugu yako anagonga mbele, ujue kuna kifo au kuna deni. Bibi yangu alilisugua jiwe la kizingiti kile kila Ijumaa, amepiga magoti, mgongo juu, mpaka likawa jeupe, halafu hakuna aliyeruhusiwa kulikanyaga, tulikuwa tunalizunguka jiwe letu wenyewe, na chumba cha mbele vilevile, moto unawashwa Krismasi na kwenye matanga, kulikuwa na piano hamna anayejua kuipiga, nilikuwa nachungulia nione kama viti vinapumua, Mungu wangu, harufu ya chumba kile, nta na baridi, ningeipata tena hata kwa dakika moja ningetoa chochote... bibi mwenyewe alipokufa alilazwa humo, palepale alipokaa kijana sasa, asijue masikini...

“...na mpangaji mmefahamiana tangu lini?” anauliza huko. “Tangu alipozaliwa, kipenzi. Juu ya kichwa chako hapo, chumba cha juu. Mimi ndiye niliyeshika taa.” Kalamu inasimama. Shangazi naye angekaa kimya kidogo, jamani, taa ya nini tena, lakini hakuwahi kunong'ona maisha yake yote, miaka arobaini kwenye vitanda vya kufumia pamba, makelele yale yanakula masikio, ana sauti mbili tu, ile ya kupasua dari na ile isiyo na sauti kabisa, ya midomo, wanawake wote wa kiwandani walikuwa nayo, unaukunjua mdomo neno kwa neno na mwenzako wa upande wa pili wa ukumbi anasoma, walikuwa wanaweza kumaliza kesi nzima ya mume wa mtu bila kutoa pumzi, na alinifundisha mimi kabla sijajua kusoma kitabu, kanisani tulikuwa tukisengenya kofia za watu wakati wa mahubiri, mimi huku na yeye kule kwenye kwaya, mchungaji anatuona tumetulia anafurahi. Siku hizo zimekwenda wapi. Viwanda vimekuwa maghala ya mazulia, wale wanawake wamekwisha, hapa mjini sijui kama wamebaki hata watatu wa kusoma midomo, na mmoja ni mimi ambaye sikuwahi kufuma hata uzi.

Birika limeanza, afadhali, kidogokidogo. Atanitoa? Kwani nauliza nini, mimi si nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, mama ameshafariki, baba ndiye mpangaji, nyumba shangazi aliachiwa na bibi kwa sababu bibi alimjua mwanawe Clifford na chupa zake, na ilikuwa Jumamosi, Jumamosi mchana kweupe, mtaa mzima uko vizingitini mikono imefumbatwa, na baba anatoka kwa mlango wa mbele na sanduku la kahawia lililofungwa kamba, akalikanyaga jiwe jeupe, nakumbuka alama ya kiatu ilivyobaki, na shangazi amesimama mlangoni na ufunguo, koti limefungwa mpaka kooni, “Nilikupa mpaka Pasaka, Clifford,” kwa ile sauti ya kupasua dari, “Pasaka imepita,” na baba akainua kofia, kama anamuaga mtu baki, akaenda, nami nimeshikwa bega nisimfuate, mkono wa shangazi ulikuwa mzito... nilimchukia. Nalisema, hakuna anayesikia. Nilimpenda na nilimchukia, miaka yote hii, kila Ijumaa anapogonga mbele namwona na ule ufunguo. Kwa hiyo jibu ninalo, kijana, jibu lina shahidi, mtaa mzima uliona, andika ndiyo, atanitoa, alimtoa ndugu yake wa tumbo moja, mimi ni nani. Kwa nini basi halitoki. Ni kama nikilisema nitakuwa nimemsimamisha tena pale mlangoni, mzee kama huyu, nimemwambia mbele ya mgeni, wewe ndiwe yule, sijasahau.

Mvuke umepanda dirishani, dirisha lote limeziba, uani hakuonekani... mvuke huu nao, nikiwa mtoto kila jioni dirisha hili lilikuwa hivi, kwa sababu ya ile sufuria, sufuria ya maji kwenye jiko, juu yake sahani ya chakula, juu ya sahani sahani nyingine imefunikwa, viazi na nyama ya kondoo, mchuzi umeganda pembeni, chakula cha mtu kinatunzwa moto mpaka aje. Cha nani? Mimi nimeshakula. Shangazi ameshakula, anaosha vyombo. Lango la uani linalia. Mtu anajifuta miguu, kwa muda mrefu, kama mtu asiye na uhakika, na mlango wa nyuma unafunguka bila hodi, na shangazi hageuki, anasema tu kwa ile sauti yake ya dari, “Saa kumi na moja, nilisema saa kumi na moja, kinakauka,” na baba anavua kofia anakaa kwenye kile kiti cha karibu na makaa, kiti kilekile nilichotundika taulo sasa hivi, ananikonyeza, anakula, na shangazi amesimama nyuma yake na kitambaa cha vyombo mpaka sahani iwe nyeupe. Kila siku. Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja mtaa wa tatu huko, na kila siku ya Mungu alikuja, mvua, theluji, amelewa, hajalewa, mpaka mwaka aliokufa, na alipokufa tulimtoa kwa mlango wa mbele. Nilijua. Siyo kwamba nilisahau, nilijua siku zote, ila baba aliyetolewa na baba aliyekuja kula nilikuwa nimewaweka watu wawili, kila mmoja na mlango wake, sikuwahi kuwakutanisha... na aliyeshika ufunguo na aliyeshika kitambaa cha vyombo ni mtu mmoja, Glenda, mjinga wewe, mtu mmoja, alimtoa kweli na alimlisha kweli, na Ijumaa zote hizi nilidhani ni mchezo, kumbe ni yeye, ndivyo anavyotupenda, anazunguka.

Birika linachemka sasa, linatingisha kifuniko. Buli liko wapi, hili hapa, kijiko kimoja cha majani kwa kila mtu na kimoja cha buli lenyewe, kama bibi alivyofundisha. Mlango wa katikati uko wazi, namwona kijana mgongo tu, masikio mekundu, na juu ya bega lake kofia ya shangazi, na uso wake umenielekea, ananitazama, sijui ameanza lini kunitazama. Midomo inafunguka. Hakuna sauti, inakunjuka sana tu, neno kwa neno, kama kutoka upande wa pili wa ukumbi wa kiwanda.

Nitakutoa.

Hatanii. Uso wa Pasaka, uleule, na sioni kitu chochote cha kuchukia ndani yake. Nami nimeshika buli kwa mikono miwili, naufungua mdomo wangu. Najua, shangazi. Kijana ameinama kwenye karatasi zake, anangoja jibu, nitampelekea pamoja na chai, ndiyo, atanitoa, ni kweli tupu, sina haja ya kuapa. Nusu iliyobaki haikuulizwa, na si ya chumba cha mbele.

Na chakula? naukunjua mdomo.

Ananiangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza.

Saa kumi na moja, anasema bila sauti. Pita nyuma.