Soksi Moja ya Manjano

…dakika kumi, amesema Ruphin, dakika kumi tu motere ipoe, lakini dakika za mumewe, Chimène anazijua, ni dakika za fundi, zinavutika, na sasa amefungua kapo, kifuniko cha motere, amesimama nje anajipepea kwa kofia, na gari-nyumba limekaa katikati ya barabara ya Kabambare kama mgeni aliyechoka kabla ya kufika, gari lenye kitanda, na meza ya kukunja, na mapazia ya maua, na friji ndogo isiyopoza tena hata tone la maji, ndani yake mama mkwe ameweka viatu vyake vya kanisani visipate vumbi… na Plamedi yuko moto. Yuko moto hapa mapajani. Mtoto wa miezi minne, kofia ya sufu imefungwa kwa utepe chini ya kidevu, sweta, blanketi, na jua hili la saa sita, na Chimène ameweka kiganja kifuani pake, anakiuliza kiganja, ni homa au ni jua, niambie, kwa maana ikiwa ni homa lazima wageuze gari sasa hivi, hospitali iko nyuma, Kasongo, mbele ni vumbi na msitu mpaka jioni, na ikiwa ni jua basi dawa yake ni kumvua tu, na kumvua ndiko asikoweza, kwa sababu sufu ile ameifuma mama mkwe mwenyewe, wiki mbili nzima, kofia ya manjano na soksi zake za manjano, na mama mkwe ameketi pale pale dirishani, macho amefumba, na nani ajuaye kama amelala… “Usimufunue mutoto,” alisema asubuhi wakipakia mizigo, “upepo wa barabara ukimuingia kifuani, iko kikohozi,” na Ruphin akacheka, “Mama, upepo utapita wapi, na madirisha yote umefunga?” naye akamjibu, “Weye nyamaza, weye ulizaa lini?” na wote wakacheka, Chimène pia, kwa mdomo, kwa sababu anajua, Ruphin alimwambia mara moja tu, akiwa amempa mgongo, kwamba alikuwako kaka yake, Octave, mama alimbeba juu ya baiskeli kutoka Nyangwe, mvua ikawapiga njia nzima, halafu kikohozi, halafu siku tano… Utamvuaje kofia mtoto mbele ya mama wa Octave? Na joto lenyewe wamejiongezea, pale mlimani motere ilipoanza kuchemka Ruphin alifungua tundu la kuleta joto ndani, lile ambalo Wazungu wawili walilitumia kwao kwenye baridi, kabla ya ekseli kuwavunjikia Kasongo wakamwachia yeye gari wakapanda ndege, “Munisamehe,” alisema, “motere imelemewa, tuibebee moto wake kidogo,” na mlima wote waliubeba, pumzi ya moto ikiwapanda miguuni, na walipofika juu akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, yake mwenyewe, akalowesha kitenge akakitundika dirishani upande wa mtoto, hakunywa hata funda, alidhani mkewe haoni… anaona, Chimène, huwa anaona, na kitenge chenyewe kimeshakauka… Nesi Arlette alisema nini siku ile ya kupima uzito, alisema, mtoto akinyonya kwa nguvu, akikojoa, akilia machozi yakatoka, usikimbie, umuvue kwanza, ungoje, umuguse tena, “mutoto haiko kikwanga ya muhogo, musimufungefunge mu majani,” na akina mama wakaangua kicheko, Chimène naye akacheka huku akiificha kofia ya mwanawe nyuma ya mgongo… kunyonya amenyonya, sasa hivi, kwa nguvu, kukojoa amekojoa walipopumzika, lakini kumvua… amemvua kidogo. Ameiba, tuseme ukweli. Tangu mlima ule ameiba soksi moja, ya mguu wa kulia, ameificha ndani ya blauzi, imelowa maziwa, na mguu ule ameushika mkononi chini ya blanketi, nao umepoa, umepoa kweli, vidole vidogo kama mbegu za boga… lakini mguu mmoja hauwezi kumsemea mtoto mzima. Na aibu yake hii, kumwibia mtu soksi aliyoifuma mwenyewe, mtu ambaye… ingawa naye leo alimuumiza, asubuhi, Chimène ameshaketi dirishani kushoto, mahali pazuri, akaambiwa, “Ondoka pale, ile nafasi iko yangu,” hivyo hivyo, mbele ya watu, akaondoka akameza mate, akasema moyoni, hata kiti… na sasa anatazama, hana kazi nyingine, anatazama jua lilivyopenya pazia likamlalia mama yule begani, shavuni, jasho linashuka sikioni hadi shingoni, huku Chimène na mtoto kivuli hakijawatoka… hakijawatoka tangu Kasongo. Ngoja. Njia hii mama mkwe, Marie-Thérèse, ameitembea kwa miguu miaka mingapi, na kapu mgongoni, anajua jua linakaa upande gani… alijua. Alijua kabla hatujaketi. Ee mama, na mimi nilimeza mate… anashusha mkono chini ya blanketi autafute mguu wa pili, wa kushoto, wenye soksi, aulinganishe na mwenzake, na mguu wa pili hauna kitu. Uko wazi. Umepoa kama mwenzake. Imeanguka, anawaza, imeanguka pale kwenye daraja la magogo, waliposhuka wote ili gari liwe jepesi, mimi nikabeba bidoni la mafuta, mama akambeba Plamedi akavuka naye polepole, akimwimbia… akimwimbia, na mkono mmoja ndani ya blanketi… na Chimène anainua macho, anaitazama ngumi ya mama mkwe juu ya goti, imefumbwa vizuri sana kwa mtu aliyelala, na kati ya vidole viwili imechungulia ncha ya sufu ya manjano. Kope la mama yule linacheza. Basi Chimène anatoa soksi yake kifuani, inanuka maziwa, anaiweka juu ya goti lile, kando ya ngumi, kisha anaufungua utepe kwa mikono miwili, bila kuficha, na kichwa cha mtoto kinatoka kimelowa jasho, nywele zimelala kama nyasi baada ya mvua.

“Upepo iko?” anauliza mama mkwe, macho bado amefumba.

“Hakuna, mama.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Sogea huku kwa kivuli, mama, tumuguse pamoja.”

Kiganja kikavu kinakuja, kinatua kichwani pa Plamedi kando ya kiganja cha Chimène, na viwili vinangoja… na nje Ruphin anapaza sauti, “Dakika kumi tu!”, na iwe kumi, anawaza Chimène, iwe hata ishirini…