Vikombe Viwili vya Mwalimu Vital

Nadège hakuwa na viatu vya saizi yake. Hakuwa na saa ya mkononi, wala barabara isiyo na vumbi, wala mtu wa kumshikia nguo akikimbia. Hakuwa na baba. Kitu kimoja tu hakikumpungukia, nacho ni maji, kwa kuwa mwalimu wake, mzee Vital, aliyapima mwenyewe. Vikombe viwili katika kilomita ishirini na moja: kimoja kwenye ya kumi, kingine kwenye ya kumi na tano. Kwa miaka thelathini wakimbiaji wake wa Bunia walikunywa hivyo, wakashinda.

Lakini Bunia iko juu, na asubuhi yake ina baridi. Kasenyi iko chini kando ya ziwa, na joto lake hulala na watu kitanda kimoja. Huko ndiko ligi ya riadha ya Bunia ilikopeleka mbio za kuchagua timu ya kwenda Kisangani. Nadège aliongoza tangu mwanzo. Kwenye kilomita ya nane akageuka.

"Mwalimu, niko na kiu sana."

"Kiu ni kelele ya tumbo," Vital akajibu kutoka mgongoni mwa pikipiki. "Bado kilomita mbili. Kimbia."

Kwenye ya kumi na sita akayumba, kisha akaketi barabarani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Ligi wakafuta jina lake, wakaandika: hana pumzi.

Vital alimkasirikia kila mtu. Alilaumu ligi kwa kuanzisha mbio saa nne, jua likiwa limekwisha kukomaa. Alimlaumu hata Nadège, kwamba hakulala vizuri. Nadège alikuwa amejilaza kwenye mkeka kwa shangazi yake, Scholastique, muuza samaki wa chumvi pale Kasenyi.

"Weye muzee," Scholastique akasema bila kuinua macho, "ulisoma ao hukusoma?"

"Nilisoma. Masomo ya usiku, miaka sita."

"Basi muchana ulikuwa unalala. Samaki mubichi ya kilo tano, jua ya hapa inanirudishia kilo mbili. Huyu mutoto naye iko na maji ndani. Ama unafikiri ni mubao?"

Vital alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Wiki ilipopita na Nadège kupata nguvu, akaazima mizani ya samaki ili amwonyeshe mama yule kosa lake. Nadège akashika ndoano kwa mikono miwili, akaning'inia. Akakimbia kilomita kumi kwa kikombe kimoja, akarudi, akaning'inia tena, amenuna, wanawake wa soko wakiuliza samaki huyu mrefu ametoka ziwa gani. Kilo moja na nusu zilikuwa zimetoweka.

"Mizani ni mbovu," Vital akasema. Akapima jiwe asubuhi, akalipima tena mchana. Jiwe halikupungua.

"Nilikuambia niko na kiu," Nadège akasema.

"Uliniambia."

"Na weye ukaniambia kimbia."

Wakabaki Kasenyi siku kumi, mwili uzoee joto. Sasa Vital alimpa maji kidogo kila kilomita tatu, yenye sukari na chembe za chumvi, ile ile ya Scholastique. Asubuhi ya kumi na moja Nadège alimaliza zote ishirini na moja kwa miguu imara.

"Na ligi watajua namna gani?" akauliza.

Vital akatafuta karatasi. Barua ya kwanza ililaumu jua, akaichana mwenyewe. Ya pili ililaumu saa ya kuanza. Nadège akaisoma, akamrudishia. Ya tatu ilimtoa jasho kuliko mbio. "Pumzi anayo," aliandika. "Kosa ni langu, niliyempa kipimo cha Bunia katika joto la Kasenyi. Mpimeni tena kabla ya kufunga orodha Ijumaa." Akaweka jina lake lote.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Scholastique akamega fufu, ugali wa muhogo, chunguni, akampa. Vital akapaka, akabana kwa dole gumba mpaka ikashika, kisha akamkabidhi Bruno, dereva wa lori la samaki, ambaye mota yake ilikuwa tayari inanguruma kupanda Bunia.