Marahaba Iliyoniponyoka

Nasinzia kwenye benchi la kituo cha polisi, mchana kweupe, nikimngoja mdogo wangu Mrisho, aliyewekwa ndani tangu jana kwa sababu ya neno moja. Kwenye mkutano wa hadhara wa Mkuu wa Wilaya alisimama akauliza, Ndugu Mkuu, barabara yetu iko wapi? Ndugu! Hakusema Mheshimiwa. Watu walicheka, Mkuu hakucheka. Nimekuja kumtoa, nimekanyaga matope hadi magotini, na sasa nafumba macho kidogo tu, na benchi linanyooka, linarefuka, linakuwa barabara, nami natembea juu yake pekupeku.

Barabara inapanda, na mwisho wake unasogea kila nikiusogelea. Kushoto na kulia ni mji wa vioo, kuta vioo, milango vioo, na kila kioo kinanionyesha nimeinama, ingawa najua kabisa nimesimama wima. Juu ya lango pameandikwa HAPA WATU WOTE NI SAWA. Nafurahi, mjinga mimi. Chini ya lango amesimama mtu asiye na uso, pana ngozi laini tu kama tumbo la kibuyu, naye anauliza, sijui kwa mdomo gani, Unamtafuta nani? Nataka kusema ndugu yangu, lakini neno hilo ndilo lililomfunga Mrisho, nalimeza. Nasema, Namtafuta mdogo wangu. Kumbe, anasema, basi wewe ni mkubwa. Panda, wakubwa hawakai chini. Nauliza, Si mmeandika wote ni sawa? Ndiyo, anajibu, hapa hakuna asiye na wa kumwinamia.

Napanda, naogopa, napanda. Sasa naona barabara yenyewe ni watu, wamelala kifudifudi, kila mmoja ameshika miguu ya aliye mbele yake, wananong'ona shikamoo, shikamoo, neno linapanda mlima mtu kwa mtu. Mara mojamoja marahaba inashuka kutoka juu, na anayeangukiwa nayo uso wake unafutika, nyusi kwanza. Wa juu kabisa anashika miguu ya nani? namwuliza yule wa langoni, anayepanda nami. Labda kule kuna viatu vitupu, anasema. Na wewe, uso wako? Nilikuwa nao, anasema, mpaka nilipoitikiwa.

Hapo mkono unanishika kifundo cha mguu. Naujua huo mkono, una kovu la mbuzi ya nazi kwenye kidole gumba, kovu la utotoni. Ni Mrisho, na uso wake bado anao wote, pua ya baba, macho makaidi yaleyale. Naomba asiseme kitu. Naomba na mimi niwe bubu. Nainama nimvute, ulimi unatafuta neno la kumwinulia, lakini yeye ananiwahi, ananisalimia kama alivyonisalimia kila asubuhi mlangoni kwa mama, Shikamoo, dada. Na mdomo wangu uliolelewa vizuri, mdomo usiojua kungoja, unaitika, Marahaba.

Nyusi zinaondoka. Napiga kelele, Ndugu yangu! Ndugu yangu! Macho nayo yanaondoka.

Mama, amka, mtu wako ametoka, ananitikisa askari. Niko kwenye benchi, jasho linanitiririka, namshukuru Mungu kwa sauti. Mrisho anatoka chumba cha ndani, kichwa amekiinamisha. Umejifunza? anauliza askari. Nimejifunza, Mheshimiwa, anajibu, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake. Nyuma yake mlango uko wazi, na nje, pale nilipokanyaga matope asubuhi, kuna barabara, nayo inapanda. Mrisho anafika mbele yangu. Shikamoo, dada.

Najiziba mdomo kwa mikono miwili. Inua kichwa, ndugu yangu, nasema kupitia vidole, inua kwanza nikuone. Yeye anainama zaidi, anatafuta miguu yangu.