Jani Asiloweza Kulikataa

Watu wa Kilema, kule mlimani kwa Wachagga, walikuwa wamemzoea Filemon kwenye foleni ya maungamo. Kila Jumamosi yuko pale, koti la mtumba limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Wanawake waliokuwa wakipanga maua altareni walinong'onezana, "Huyu mzee mjane, anaishi peke yake na ng'ombe mmoja, dhambi anazitoa wapi?" Lo, wangejua! Dhambi ilikuwa moja tu, ileile kila wiki, naye aliirudisha kwa padri kama mtu anayerudisha redio kwa fundi kwa sababu bado inakoroma.

Habari yenyewe ni hii. Miaka mingi nyuma baba yake aliugua, na Filemon ndiye aliyemuuguza. Alimwosha, akamgeuza, akamlisha mtori wa ndizi kwa kijiko, akafua mashuka mferejini kabla majirani hawajaamka. Na mzee, badala ya kusema asante, akawa anauliza jambo moja asubuhi na jioni: "Tito amekuja?" Tito alikuwa mdogo wake Filemon, mtoto wa mwisho, aliyegombana na baba akahamia Kahe, kule chini tambarare, kulima mpunga na vitunguu. Jamani, hebu fikirini. Mikono ni ya Filemon, jina linaloitwa ni la Tito! Filemon aliona wivu. Siku mzee alipomwambia, "Tuma mtu akamwite Tito, nimbariki kabla sijafa," Filemon akajibu, "Nimeshatuma, baba."

Hakutuma mtu. Alijiambia atatuma kesho, acha kwanza mzee aone ni nani aliye kando yake. Kesho ikawa kesho nyingine, na mzee akafa bado anauliza.

Tito alifika akakuta kaburi limeshafukiwa. Ukweli haukuchelewa kujulikana, maana kule mlimani hatumwi mtu Kahe majirani wasijue. Wazee wa ukoo wakamkalisha Filemon chini, wakamwambia achukue isale akaombe radhi. Isale ni lile jani refu linalooteshwa mipakani na makaburini. Ukiletewa na aliyekukosea huna la kusema, unapokea tu, kwa sababu kulikataa ni kujiitia laana wewe na watoto wako. Basi Filemon akashuka Kahe na wazee wawili na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Tito alilitazama lile jani kwa muda mrefu. Akalipokea, akanywa, akasema, "Yameisha."

Na kweli yaliisha, tena yaliisha yote, hata undugu. Tito hakumtukana wala kumsema vibaya. Wakikutana msibani alimwamkia shikamoo kwa adabu, akauliza habari za mvua na za ng'ombe, kisha akaenda kukaa upande mwingine. Gladys, mke wa Filemon, alipofariki, Tito alikuja, akabeba jeneza, akanawa mikono, akaondoka bila hata kunywa chai. Watoto wa Filemon walikuwa Dar na Arusha, wanakuja Krismasi na magari yao, sikukuu ikiisha nao wameisha. Mwaka mzima uliobaki ulikuwa wa kwake peke yake. Jioni alimenya ndizi za watu wawili kwa mazoea, akala zake, zilizobaki akampa ng'ombe. Upweke ule ulimuuma sana, na ulimuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu.

Akajaribu kulipa. Mkungu mzuri ukikomaa ni wa Tito. Krismasi mguu wa mbuzi ni wa Tito. Ile miaka wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda mlimani na mizani zao, aliuza kahawa yake akamnunulia Tito bomba la kupulizia dawa. Tito alipokea vyote. "Asante sana, kaka," alisema, kwa sauti ile ile mtu anayomshukuru nayo karani wa posta.

Sasa Jumamosi moja uvumilivu ukamwisha padri. Alikuwa kijana, mzaliwa wa Rombo, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mzee wangu, dhambi hii nimeshakuondolea. Mungu amesamehe. Unamletea tena ya nini? Unadhani amesahau alichokwambia?"

"Mbona siusikii huo msamaha, Padri?"

"Unataka kuusikia wapi?"

"Kwa Tito."

"Si alipokea isale?"

"Alipokea."

"Angeweza kulikataa?"

Filemon akashtuka. "Nani anakataa isale, Padri! Umezaliwa wapi wewe?"

"Mimi si Mchagga? Najua, ndiyo maana nauliza. Mungu mwenyewe, pamoja na uwezo wake wote, anatupa neema yake na kutuachia hiari ya kumkatalia. Watu wanamkatalia kila siku na hawalazimishi. Wewe ulimfunga mdogo wako mikono, halafu unangoja akukumbatie."

Filemon alichukia, tena alichukia hasa. Mtoto wa juzi, amfundishe yeye mila! "Nipe malipizi yangu niende," akasema.

"Huna cha kulipa. Nenda ukamshukuru Mungu, basi. Hayo ndiyo malipizi."

Wiki nzima alinung'unika peke yake, akimgombeza ng'ombe asiye na kosa. Lakini lile swali halikumtoka. Mwishowe akaamka asubuhi, akafunga koti. Alipofika mpakani mkono wake ukachuma isale bila kumuuliza. Akalishika, akasita, akaliacha palepale juu ya ua. Hakubeba ndizi wala nyama. Aliteremka Himo, akapanda basi la kwenda Moshi, kisha pikapu ya Kahe, na safari nzima aliona aibu na mikono yake mitupu, akawa anaificha mifukoni.

Alimkuta Tito shambani, amesimama kwenye tuta la mfereji, anayaelekeza maji kwenye vitunguu kwa jembe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Tito."

Tito akamtazama mikono, akatazama nyuma yake kama kuna wazee. Hakuna mtu. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Si yalishaisha?"

"Yaliisha kwa sababu nilikuletea jani. Leo sikuja nalo. Ukinikatalia hakuna laana, na mimi sitakulaumu."

Tito alicheka, kicheko kibaya. "Kwa hiyo umekuja kunipa ruhusa." Halafu jembe likamdondoka. "Basi nakataa! Umesikia? Nakataa! Mliniletea jani udongo wa kaburi la baba haujakauka! Nilitaka kukupiga, Filemon. Nilitaka kulia. Nikapewa kibuyu ninywe! Ndizi zako zote nimekula zikinikwama hapa. Toka shambani kwangu!"

Filemon alilitamani lile jani vibaya mno. Angekuwa nalo, Tito angenyamaza palepale. "Ni haki yako," akasema, akageuka, akaondoka akilia waziwazi mbele ya vibarua waliokuwa wakipalilia. Alilolihofia limempata. Lakini alikuwa amemsikia mdogo wake, sauti yake yenyewe, mara ya kwanza tangu baba afe.

Alikuwa amekaribia barabara aliposikia akiitwa. Tito alikuwa anakuja nyuma yake, anahema, matope mpaka magotini.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Baba. Mwisho kabisa. Hujawahi kuniambia."

Hapo uongo mtamu ulimjia Filemon mpaka ncha ya ulimi. Alikubariki, Tito. Alikutaja akakubariki. Nani angembishia? Waliokuwapo wote walishakufa. Akaumeza.

"Hakukubariki. Alikuwa anangoja ufike. Aliniuliza, 'Tito amekuja?' Nikamwambia yuko njiani. Akasema, 'Fungua mlango, akiukuta umefungwa atadhani bado nimemkasirikia.'"

Miaka yote ile Tito aliamini baba yake alikufa na hasira naye, akidhani ameitwa akakataa kuja.

"Ukaufungua?"

"Niliufungua," Filemon akasema. "Nikakaa pale nikiutazama pamoja naye, nikijua huji."

Tito akaketi chini kwenye tuta la pembeni, palepale alipokuwa, akafunika uso kwa mikono. Alilia kama wanavyolia watu siku ya msiba wenyewe, kwa sauti, bila kumjali aliye karibu. Filemon alisimama asijue amguse au amwache. Akamwacha.

"Sijakusamehe," Tito akasema baada ya muda.

"Najua."

"Rudia alivyosema."

Filemon akaketi matopeni kando yake, akarudia tangu mwanzo.