Mkwe Hatazamwi

Hapajawahi kutokea Runzewe jasusi aliyemzidi Mama Loveness, na anayebisha aje abishe mbele yake. Kwa miezi mitatu alikuwa akipika ugali na maharage ndani ya ua wa karasha la Marcel, pale mawe ya wachimbaji yanaposagwa na dhahabu kuchenjuliwa, na hakuna aliyemdhania lolote. Nani amshuku mwanamke wa miaka hamsini na sita mwenye magoti mabovu? Jina lake hasa ni Melania. Aliyemwajiri ni Bi Mwanaima, ambaye watu walimjua kama muuza vitenge, kumbe ni mtumishi wa ofisi moja ya mjini isiyo na kibao mlangoni. Ofisi hiyo ilitaka kujua jambo moja tu: nani anayetorosha dhahabu pale karashani.

Melania alikwisha kumjua, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mtu mwenyewe alikuwa Nkwabi, mume wa binti yake wa pekee.

Nkwabi aliaga nyumbani kwake Nyahanga kwamba anakwenda Ushetu kulima tumbaku. Wiki mbili baadaye Melania akamwona pale pale karashani Runzewe, kabeba kiroba begani. Nkwabi naye alipomwona mama mkwe wake, akaruka ukuta.

Kwa Wasukuma hiyo si hatia, ni adabu. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. Melania mwenyewe siku ile alijifunika khanga na kugeukia moto. Lakini adabu gani hii ya kuruka ukuta na kiroba begani? Kila alipotokea yeye, Nkwabi aliyeyuka, na kila alipoyeyuka, Melania alizidi kumshuku. Sasa Ijumaa ilikuwa siku ya kupeleka jina kwa Bi Mwanaima. Loveness alikuwa na mimba ya miezi saba. Melania alikuwa akipika huku moyo unamuuma, na wateja wakalalamika kwamba chumvi imezidi.

Alhamisi mchana, watu wakiwa wanakula, walinzi wawili, Enock na Maige, walimburuta Nkwabi hadi katikati ya ua. Marcel akafuata nyuma yao, kashika kinasa sauti kidogo kilichofungwa uzi mwekundu.

"Nimekikuta kwenye soksi yake," alisema. "Hebu tusikilize wote anavyotuuza."

Melania aliendelea kukoroga maharage kwa upawa. Yeye pia alikuwa na kinasa kama kile, na uzi kama ule, ndani ya sidiria yake, nacho kilikuwa kikinasa. Bi Mwanaima, mwanamke yule, alikuwa amewaajiri wote wawili na hakumwambia yeyote kati yao!

Kinasa kikaanza kusema kwa sauti ya Nkwabi: "Jumatatu. Mama mkwe ameingia na ndoo tatu, ametoka na nne. Ya nne juu ina maharage, chini ina kaboni yenye dhahabu. Sura yake sikuiona kwa sababu za kimila, lakini mgongo ni wake, naujua. Naumia kusema haya. Naamini kiongozi wa genge ni yeye."

Ua mzima ukaangua kicheko, hata Enock. Melania alihisi masikio yanawaka. Kiongozi wa genge! Ile kaboni, chenga nyeusi zinazonyonya dhahabu kwenye matenki, aliichota kwenye magunia ambayo Marcel huyaandika mkaa na kuyasafirisha hadharani. Aliichukua iwe ushahidi, akidhani Nkwabi ndiye anayemtoroshea Marcel. Yaani yeye kamfikiria mkwe mwizi, na mkwe kamfikiria yeye mwizi, kisa wote wawili wana heshima zao.

Marcel peke yake hakucheka. Alimgeukia Melania.

"Mama, huyu leo anaingia kwenye shimo la zamani na hatoki. Wewe nakuhurumia. Mkane hapa mbele ya watu. Sema ni mwongo, humjui, kisha urudi kwenye sufuria lako."

Mlango wa kutokea ndio huo, na ulikuwa wazi kabisa. Hata mila ilimpa ruhusa, maana Nkwabi alikuwa amemvunjia heshima mbele ya kadamnasi. Nkwabi mwenyewe, damu ikimtoka puani, alikuwa bado kakaza macho chini ili asimwone.

"Mkane, mama," alinong'ona. "Mkane uende kwa Loveness."

Hapo Melania alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani.

"Yaya!" alisema kwa Kisukuma. Sitaki. "Nimkane mume wa mwanangu kwa ajili yako wewe, Marcel? Umekula maharage yangu miezi mitatu bila hata asante, leo unipangie na mkwe?"

Akabeba sufuria lote, akavuka ua kwa magoti yale yale mabovu, na alipofika akaliweka chini. Kisha akamshika Nkwabi mashavuni kwa mikono miwili, akamwinua uso na kumtazama machoni.

"Mayu wane!" Maige alipiga yowe, yaani mama yangu. Akamwachia Nkwabi, akajiziba macho kwa viganja. Enock naye aligeuka upesi, kana kwamba ni mama yake mwenyewe kavuliwa nguo, na wachimbaji wote wa Kisukuma wakatazama ukuta na sahani zao mkononi. Aliyebaki anatazama ni Marcel, maana hakuwa mtu wa huko. Melania alimmwagia sufuria zima la maharage ya moto miguuni.

Pikipiki ya Marcel ilikuwa kando ya kibanda, ufunguo uko palepale, na lango lilikuwa wazi likipitisha boza la maji. Nkwabi alisita.

"Mama, tutakaaje?"

"Tutakaa hivyo hivyo! Washa!"

Wakapita ubavuni mwa boza, Melania kamkumbatia mkwe kiunoni, kitu ambacho ukoo wao haujapata kukiona. Mbele yao ilikuwa barabara ya Kahama. Kinasa kilikuwa salama kifuani pake, na maneno yote ya Marcel yalikuwa humo, mpaka lile la shimo.

Baada ya mwendo kidogo aligundua Nkwabi analia. Alikuwa amekipindua kioo cha pikipiki kitazame mbinguni.

"Wazee watatuita," Nkwabi alisema. "Watauliza kama ni kweli."

"Waache waite. Nitasimama mwenyewe niwaambie nilikushika, nilikutazama, na kesho nikikukuta mikononi mwa mtu kama yule nitakushika tena. Mimi nimemrudishia mwanangu mume. Wao watanirudishia nini?"

Akapitisha mkono begani kwa Nkwabi, akakigeuza kile kioo mpaka macho mekundu ya mkwe wake yakaonekana yote mawili.

"Nitazame, baba," alisema. "Halafu tazama barabara."