Maji Mekundu ya Ozi

Mwaka ule mvua ya masika ilipita juu kwa juu, na visima vya mtaa wa Langoni, kisiwani Amu, vikaanza kutoa maji ya chumvi. Jeilani ndiye aliyepeleka maji kisiwa cha pili, Manda, kwenye kambi walikozuiliwa watu wa bara kwa ajili ya vita vya huko kwao. Kila alfajiri aliyajaza mapipa kwenye visima vya Shela, akayavusha kwa mashua, na kila alfajiri mgongo wake ulimwambia sasa basi.

Mapipa yalipokewa na wafungwa wenyewe. Mmoja wao, Kabuthi, mtu wa makamo mwenye kikohozi kisichoisha, aliyaonja maji, akakunja uso.

"Mzee, haya ni maji ya mto gani?"

"Nti hii, kisiwa chote, haina mto, Bwana. Ni ya kisima."

Kabuthi akamtazama kama aliyeambiwa kuna watu wasiozaliwa na mama.

Tangu siku hiyo, wakiviringisha mapipa mchangani, alimsimulia habari za mlimani kwao. Kila mgongo wa mlima una mto kulia na mto kushoto. Ukoo huu hukaa huku, ule ng'ambo. Mto ndio mpaka. Mto huzungusha mawe ya kusagia, hunywesha migomba kiangazi. Kwa mfereji mmoja tu watu hununiana hata kaburini.

"Na mito yote hiyo yenda wapi?" aliuliza Jeilani, ili apate sababu ya kusimama.

"Inashuka, inakutana, inakuwa mto mmoja mkubwa. Tana. Ikishapita hapo, mimi sijui."

Jeilani akaliachia pipa. Tana aliijua. Shemeji yake Abdulghafur alilima mpunga Ozi, mto huo unapokaribia bahari. Usipofurika, Ozi hawavuni, na Amu mchele huwa ghali.

"Mto wenu ndio tulao sisi," akasema.

Abdulghafur alipokuja Amu, alileta kibuyu cha maji ya mto, kama alivyoagizwa na Jeilani. Mwanamkisi, mke wa Jeilani, alikuwa ametoka kupanga foleni kisimani tangu asubuhi.

"Sisi twafa kwa kiu, nawe wampelekea maji mtu wa kambini?"

Jeilani akachukua kibuyu, akaenda.

Kabuthi alimimina kiganjani. Maji yalitoka mekundu, mazito. Akaketi chini.

"Mto wetu ni mweupe. Unaona mawe chini."

"Huku ni mwekundu tangu enzi za babu zetu."

Kabuthi akasugua vidole. "Huu ni udongo. Misitu inakatwa, mvua inabeba mashamba." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kumbe miaka yote tunawalimia nyinyi!"

Akayanywa yaliyobaki, matope na yote.

"Yana ladha ya kwenu?"

"Hapana," akasema, akifuta mdomo. "Ya matope."

Wakakaa mchangani, watu wawili waliochoka, mpaka askari alipoita.

Baada ya Ramadhani Jeilani hakumwona tena. Wafungwa wenzake walisema amehamishiwa bara. Hakujua kama dua yake yamfaa mtu asiye Muislamu, lakini Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alimwombea mvua huko mlimani: mvua ya kiasi, isiyochukua udongo wa mtu.