Mwaliko wa Macho

Dada mtu alilisema jambo lenyewe wakiwa katikati ya ngazi, mdogo wake kakumbatia spika na yeye kabeba mfuko wa viatu, mahali ambapo mtu hawezi hata kugeuka vizuri ili abishe. Alisema Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Hana ugomvi na mtu, na magoti yake ni mazima, ila ana miaka hamsini na minane na amekaa kitini Jumapili saba mfululizo akitazama wenzake wakicheza. Mtu mwenye akili, alisema, hangoji mpaka afukuzwe.

"Viatu vyekundu nitampa yule muuguzi tunayecheza naye," alimalizia. "Miguu yetu ni namba sawa."

Mdogo wake aliendelea kupanda. Kwanza spika ilikuwa nzito, na pili hakuwa msemaji. Siku za kazi alikuwa fundi friji, mtu wa kulala chali nyuma ya mitambo ya watu akisikiliza mota inavyokoroma. Jumapili alasiri alikuwa DJ wa wacheza tango, na huko walimwita Pazia. Jina lilitoka kwenye kazi yenyewe. Tango hupigwa kwa mafungu, nyimbo nne nne za bendi moja, na wawili walioshikana huzimaliza zote nne pamoja. Fungu likiisha, DJ hupiga kipande cha muziki wa aina nyingine kabisa, sekunde arobaini hivi, kisichochezeka. Hicho ndicho huitwa pazia. Kikilia, watu huachana, hurudi vitini, na uwanja hubaki mtupu. Wapo madijei ambao mapazia yao hurefuka mpaka watu huanza kupiga miayo. Yake yeye yalikatika kwa wakati wake, hayazidi wala hayapungui.

Tango alifundishwa na huyohuyo dada. Wazazi walipoondoka duniani alikuwa na miaka kumi na mmoja, na dada akamlea kwa cherehani, sare za shule mchana na magauni jioni. Baadaye, ndoa ya dada ilipovunjika, akajiandikisha masomo ya tango ili asikae nyumbani akihesabu mabati. Nyumbani hakuwa na wa kufanya naye mazoezi, basi alimkamata mdogo wake jikoni, akasogeza meza, akamwambia atembee mbele kama mwanamume asiye na haraka. Ilikuwa miaka kumi na tano iliyopita. Pazia hakuwahi kupiga muziki katika ukumbi ambao dada yake hayumo, na alipofika juu na kuitua spika, aligundua kwamba hajui kama angeweza.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vigae. Ulikuwa na sakafu ya mbao na feni nne, mojawapo ikilalamika. Wanaume walikaa safu ya upande wa madirisha, wanawake safu ya upande wa ukuta, na kati yao palikuwa na hatua kama kumi na tano za uwanja. Meza ya DJ ilikuwa mwisho wa chumba, baina ya safu zote mbili.

Mpangilio huo una sababu. Katika tango mwanamume hamwendei mwanamke kumwomba. Humtazama kutoka alipokaa, macho yakikutana huinamisha kichwa kidogo, naye akikubali huinamisha chake. Asipotaka, hutazama kando, na mambo yameisha bila mtu kuaibika mbele ya watu. Ni adabu nzuri. Anayemfuata mwanamke mpaka kitini huhesabiwa mshamba, au mtu anayetoa msaada.

Kwa kawaida Pazia huinamia kompyuta yake alasiri nzima, akisikiliza fungu lijalo kwa spika za masikio. Siku hiyo alizivua. Fungu la kwanza lilipoanza alimtazama dada yake, amekaa wima, mikono mapajani, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Akawatazama wanaume.

Daktari wa meno alikuwa anamtazama dada. Aliinamisha kichwa. Dada alikuwa kamwelekea kabisa, wala hakutikisika. Daktari akasubiri kidogo, akainamisha tena, kisha akahamisha macho kwa muuguzi, muuguzi akakubali.

Pazia alidhani dada amemkataa. Daktari yule ana tabia ya kuhesabu hatua kwa sauti, na si kila mtu anavumilia. Lakini fungu la pili, fundi mwashi, anayecheza vizuri kuliko wote pale, alimtazama dada mpaka shingo ikamchoka. Hakupata kitu. Fungu la tatu likawa vilevile, kwa mtu mwingine.

Kisha likatokea la nne. Mwashi aliinamisha kichwa kwa mwalimu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwa dada. Mwalimu akainuka. Mwashi alipokuwa anavuka uwanja, dada naye akainuka, nusu, akitabasamu, mkono umeshaanza kunyooka. Mwashi alipofika alimpita. Dada akajifanya anakung'uta gauni, akakaa. Wanawake wa safu ile wote walipata ghafla kitu cha kutafuta ndani ya mikoba yao, na wema wao huo ndio uliouma zaidi.

Pazia alifanya jambo ambalo DJ huruhusiwa mara moja moja. Alipanga fungu la nyimbo ndefu, dakika kumi na tatu, akaliacha lijiendeshe. Alikwenda upande wa madirisha, akasimama kati ya viti viwili, akamtazama dada yake. Akainamisha kichwa. Dada akatazama palepale aliposimama, asijibu. Akainamisha tena. Halafu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwangalia, akamtolea ulimi wote.

Dada hakucheka. Mtu aliyemlea, aliyekuwa akimchapa kwa kosa hilohilo, hakukunja hata uso.

Pazia alizunguka uwanja kwa pembeni mpaka kwenye kiti cha dada. Dada alipomwona amesimama mbele yake uso ulibadilika.

"Rudi mezani kwako. Sijafika mahali pa kuchezeshwa na ndugu yangu kwa huruma."

"Nimekuita kutoka dirishani."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mara mbili. Ya tatu nimekutolea ulimi."

"Muongo we."

Pazia akachuchumaa ili wenzake wasisikie. Alimwambia habari ya daktari, na ya mwashi, na ya yule wa tatu, na kwamba wote aliwatazama usoni kama mtu anayetazama ukuta. Dada alimkatiza. Macho yake, alisema, hayajawahi kuwa mazuri kama mwaka huu. Miwani ya kushonea ameitupa kwenye droo, uzi anatunga mwenyewe hata taa ikiwa hafifu, wateja wanamshangaa.

"Sindano iko hapa," Pazia alisema, akaweka kiganja karibu na pua yake. "Wanaume wako kule. Pale chini ya feni mbovu, amekaa nani?"

Dada alitazama. Alikaza macho, akasogeza kichwa mbele, akakirudisha.

"Yule mwenye shati la kijivu. Simjui. Mgeni."

"Ni koti, dada. Limetundikwa kwenye kiti."

Wimbo wa pili uliisha, wa tatu ukaanza. Dada alikuwa bado anatazama chini ya ile feni. Pazia alihesabu dakika zilizobaki kichwani, akaanza kuinuka, dada akamshika kifundo cha mkono.

"Bwana Stempu," alisema.

Pazia alielewa. Bwana Stempu alikuwa karani wa posta aliyestaafu, mtu wa tai kila Jumapili, na kwa miaka tisa valsi zote za alasiri, yale mafungu ya mdundo wa tatu-tatu, zilikuwa za wawili hao, hata watu hawakusumbuka kumtazama dada fungu la valsi likiingia. Miezi miwili iliyopita alihamia kiti cha kona ya mbali na akaacha kabisa kutazama upande wa wanawake. Dada hakuuliza. Alijiambia mwenyewe kwamba kachoka naye, na jambo hilo ndilo lililompandisha ngazi leo na maneno yale mdomoni.

"Alikuwa ananiita?"

"Sijui," Pazia alisema, kwa kuwa hakutaka kumdanganya. "Huwa nimeinamia kompyuta. Lakini kama leo watatu wamekuita na hukuona hata mmoja..."

"Basi anadhani nimemkataa."

"Kila Jumapili. Mbele ya watu."

Pazia alisema yeye mwenyewe angekwenda kumweleza mzee yule, neno moja tu sikioni. Dada akakataa, akazidi kumkaza kifundo cha mkono. Asimwambie mtu yeyote. Leo akimwambia mmoja, kesho mtaa mzima unajua fundi haoni, na nani atampelekea kipofu kitambaa cha suti? Miaka thelathini ya jina lake iko kwenye macho hayo. Afadhali wamwone mzee aliyechoka, arudi nyumbani kwake kwa heshima.

Wimbo wa nne ulikuwa umeanza. DJ asiyekuwepo mezani fungu likiisha ni sawa na mpishi aliyeacha chungu. Pazia akarudi. Kwa ratiba, baada ya hapo ilikuwa zamu ya milonga, ile ya mwendo wa haraka ambayo Bwana Stempu haigusi kwa sababu ya goti. Aliiweka tayari, akabonyeza pazia.

Watu wakaachana, wakarudi vitini. Uwanja ukawa mtupu. Ndipo dada yake alipoinuka.

Wengi walidhani anaelekea mlangoni, lakini hakubeba mfuko. Aliingia uwanjani, kati kabisa, mahali ambapo mwanamke hapiti pazia likilia, akitembea taratibu na mgongo umenyooka. Safu ya wanaume ikageuza vichwa. Alikuwa anakwenda kona ya kushoto. Bwana Stempu alikuwa kona ya kulia.

Pazia aliona sekunde thelathini zimepita. Thelathini na tano. Hakuweza kupaza sauti, na asingepaza. Alichoweza ni kurudisha kipande kile mwanzo, kikaanza kulia upya, na vichwa viwili vitatu vikamgeukia kwa mshangao, maana halijapata kutokea.

Katikati ya uwanja dada alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kutoka mezani Pazia alimwona anavuta pumzi kama anavyovuta kabla ya kukata kitambaa cha bei.

"Bwana Stempu yuko upande gani?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida ya kuuliza njia.

Daktari wa meno alitazama viatu vyake. Kisha kiti kilikwaruza sakafu kwenye kona ya mbali.

"Niko huku," alisema Bwana Stempu.

Dada akageuka, akaifuata sauti. Alipofikia umbali wa mkono alisimama, akautafuta uso wa mzee yule mpaka akaupata, akayakuta macho yake, akainamisha kichwa. Bwana Stempu alirekebisha tai kwanza.

"Miezi miwili, Fundi," alisema. "Nimebadilisha sabuni. Nimebadilisha hata dawa ya meno. Nilidhani nanuka."

"Hunuki. Mimi ndiye sioni mbali."

Aliyatamka maneno hayo waziwazi, na safu nzima ilisikia. Bwana Stempu akainamisha kichwa, akamnyooshea mkono.

Kwenye meza Pazia alikuwa ameshaiondoa milonga, vidole vinatafuta valsi. Muuguzi, ambaye ndiye mwenye kukodi ukumbi na mwenye kuandika ratiba, alimfikia akihema.

"Pazia lako leo limekuwa shuka," alisema. "Na hii siyo milonga."

"Siyo."

"Tumekubaliana milonga."

"Tulikubaliana."

Muuguzi alifungua kinywa, akatazama uwanjani, akakifunga. Alibaki amesimama pale wimbo wote wa kwanza. Wale wawili hawakucheza vizuri sana. Miezi miwili ni mingi, na goti la mzee lilikuwa limezoea kukaa. Walipoteza pigo mara moja, wakalisubiri, wakalidaka. Katikati ya nyimbo, watu wanaposimama kidogo kabla ya kuanza tena, Bwana Stempu alikuwa anasema kitu kirefu na dada anatikisa mabega kwa kicheko.

Fungu lilipoisha, mzee hakumrudisha kwenye kiti chake cha ukutani. Alikibeba kile kiti, akakiweka kando ya meza ya DJ, akasema hapa angalau fundi ana jirani mwenye macho. Dada akakaa, akajipepea kwa jalada la daftari la muuguzi.

"Kesho saa mbili utanipeleka hospitali ya macho," alimwambia mdogo wake. "Nikienda peke yangu nitaishia njiani."

"Kesho nina friji la bucha."

"Mwambie mwenye bucha aanze kwa kukaanga."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama watu wamesema nini. Pazia alisema mwalimu anataka kujua kama bado anachukua oda za sare, maana ana watoto wawili na shule zinafunguliwa. Dada akahesabu kwa vidole, akasema amwambie zitachelewa wiki moja.

Fungu lililofuata lilipoisha Pazia akabonyeza pazia, watu wakaanza kutafutana kwa macho juu ya uwanja mtupu. Alivaa spika za masikio, akazivua tena.

"Kuna mtu ananiita?" dada aliuliza, uso mbele.

Pazia alitazama. "Mwashi."

"Yuko wapi?"

"Kulia kwako. Kiti cha tatu, safu ya madirishani. Anakutazama."

Dada aligeuza uso upande huo, ambako kwake palikuwa na ukungu na mwanga wa jua tu, akainamisha kichwa kidogo, polepole, kama anayemwona vizuri sana. Mwashi akainuka.